Injinia wa nini? Tuulize kabla ya kujenga

Mwulize mzazi hapa Kibuli angependa mwanawe awe nani, na mara nyingi atakujibu: injinia. Mwulize tena, injinia wa nini? Ananyamaza. Mimi ni mwalimu na swali hilo naliuliza kila muhula. Tatizo ni kwamba kwetu injinia limekuwa jina la heshima tu. Anayefungua injini za magari gereji ni injinia, msimamizi wa vibarua ni injinia, na mwenye shahada naye ni injinia.

Sisi tuliosomea uhamishoni Tanzania tulifundishwa neno jingine: mhandisi. Asili yake ni Kiarabu, handasa, yaani jiometri. Mhandisi, basi, ni mtu wa vipimo. Kwa hesabu na sayansi anajua, kabla msingi haujachimbwa, jengo litabeba uzito gani na litagharimu kiasi gani. Fundi ndiye anayelisimamisha kwa mikono yake. Wote wawili tunawahitaji, lakini kazi zao si moja.

Wahandisi nao wana matawi. Ndugu zangu mnaoleta mizigo kutoka Busia na Malaba mnapita Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na malori yalivuka Nile juu yake mpaka daraja jipya lilipofunguliwa Oktoba 2018. Ukuta unaozuia maji ni kazi ya wahandisi wa ujenzi. Mashine zinazozungushwa na maji ni kazi ya wahandisi wa mitambo. Kuufikisha umeme Kampala, na hata kuuvusha mpaka kwenda Kenya, ni kazi ya wahandisi wa umeme. Na katika viwanda vya sabuni na mafuta ya kupikia yuko mhandisi wa kemia. Huyu wa kemia usimwombe akuchoree nguzo za nyumba.

Kutojua haya kunaua. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka na watu zaidi ya kumi wakafa. Mwaka 2013 tukapata Sheria ya Udhibiti wa Majengo. Sheria ya Usajili wa Wahandisi tulikuwa nayo tangu 1969. Kwa hiyo sheria tunazo. Kinachokosekana ni sisi wenye fedha kuuliza.

Mtu anarudi nyumbani na akiba ya miaka ishirini. Mwingine amechuma mpakani, sasa anapandisha ghorofa la maduka. Wote wawili wanamkabidhi kazi yule wa kwanza anayejiita injinia, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Nondo zinapunguzwa, mchanga unazidishwa, na mwenye nyumba anafurahi kwamba ameokoa fedha.

Nashauri tuulize maswali mawili tu: wewe ni mhandisi wa tawi gani, na umesajiliwa wapi? Hata aliyetoka ng'ambo ya mpaka aulizwe, maana mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana. Aliyesajiliwa atakuonyesha cheti bila kusita. Akikasirika kwa kuulizwa, mshukuru, kisha tafuta mwingine.