Miguu Ikikunjana Atainyoosha Tukifika

Mwanangu ana mwaka na miezi minne, na kila nikipanda gari na wakwe zangu naulizwa swali lile lile: "Huyu mtoto ataangalia nyuma mpaka lini?" Wifi anasema miguu imekunjana. Mama mkwe anaona namtesa mjukuu wake. Wapendwa, nimesoma, nimetafakari, na msimamo wangu ni huu: simgeuzi bado.

Mtoto wa umri huu ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, kichwa hurushwa na shingo ndiyo inayobaki kukizuia. Akiwa ameangalia nyuma, kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Ndiyo maana kanuni mpya za Ulaya za viti vya watoto haziruhusu kumgeuza kabla ya miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, tangu 2018, kinashauri abaki hivyo mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chake. Sweden wazazi wengi husubiri hadi miaka 4. Kwa hiyo dada yangu, usiangalie siku ya kuzaliwa, soma lebo ya kiti.

Utaniambia hayo ni ya Ulaya. Lakini sisi wa Ukerewe tunaijua hofu. Tangu MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuondoka na watu zaidi ya 200, ukipanda kivuko unatupa jicho kwanza yaliko maboya. Ajabu ni kwamba tukishuka Kisorya na kushika barabara ya Bunda kwenda Mwanza, tunampakata mtoto kiti cha mbele na kuanza stori. Ziwa tunaliogopa, lami hatuiogopi. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 huvutwa kwa nguvu ya kilo 200 na zaidi. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika.

Najua wengi wetu tunapanda Hiace, wala simhukumu mtu. Kama huna kiti, kaa naye nyuma, na usijifunge mkanda mmoja pamoja naye, maana mwili wako utamponda. Kama unacho, usikiweke mbele penye eabegi. Na mkiingia kivukoni, mfungue, mshushe garini, mshike. Majini mkanda ni mtego.

Wapo wanaosema Mungu ndiye mlinzi. Amina. Lakini katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, Mungu huyo huyo anamwagiza anayejenga nyumba aizungushie dari ukuta, mtu asije akaanguka. Kuomba hakumwondolei mjenzi kazi ya kujenga ukuta. Mimi naomba kabla ya safari, kisha nakaza mikanda.

Mama mkwe nimemjibu kwa heshima: "Mama, miguu ikikunjana atainyoosha tukifika. Shingo ikivunjika, tutainyoosha na nini?" Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimkague mtoto kama mikanda imekaza vizuri.