Ploti Itajilipa Yenyewe? Piga Hesabu na Nyumba Mbili Tupu

Wasee, kuna hii stori inauzwa sana siku hizi: chukua mkopo, nunua ploti ya bedsita, wapangaji wakulipie deni, wewe ukae tu ukingoja M-Pesa ya tarehe tano. Stori tamu, lakini ni nusu ya ukweli.

Tupige hesabu ya mfano. Ploti iko Githurai, bedsita 12, kila moja 8,000. Zikijaa ni 96,000 kwa mwezi. Muuzaji anataka milioni 8. Wewe uko na 3, sacco inakupa 5 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa deni lililobaki, miaka 10. Kila mwezi unalipa karibu 77,600. Ushuru wa KRA ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya: 7,200. Keiteka, maji, taka, stima ya ngazi, weka 10,000. Unabaki na kama 1,200. Na hapo nyumba zote zimejaa na kila mtu amelipa!

Sasa bedsita mbili zikae tupu. Unapungukiwa na karibu 13,600, na deni halijui ni Januari. Bado hatujagusa wakili, wala ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani 320,000 kabla hujashika funguo.

Mimi hii nimeiona nyumbani. Mjomba alinunua hivyo hivyo, na mamangu akawa mmoja wa wadhamini. Barabara ya kuingia ploti ikachimbwa, wapangaji wakahama mmoja mmoja. Mjomba akachelewa kulipa miezi kadhaa, wakageukia akiba ya wadhamini. Ile ya mama ilikuwa karo yangu ya mwaka wa tatu. Hakuna mtu aliiba. Walipiga tu hesabu ya nyumba zikiwa zimejaa.

Najua mtaniambia bila mkopo kijana hatawahi kununua kitu. Kweli, na sisemi usikope. Nasema piga hesabu na nyumba mbili tupu. Ikikataa, omba bei ishuke, ongeza akiba, ama mnunue kama chama ili deni liwe dogo. Muuzaji akikuambia kodi ni ngapi, usiamini mdomo. Akuonyeshe M-Pesa ama benki ya miezi 12. Weka kando pesa ya kulipa mkopo miezi mitatu. Na kabla mtu akusainie, mwonyeshe hesabu ile mbaya, si ile tamu. Ni haki yake, kwa sababu ni jasho lake liko hapo.

Mama na mjomba bado wanasalimiana, lakini tukienda ushago Desemba, mama hakai meza moja na yeye.

Wewe umewahi kumdhamini mtu? Iliendaje?