Kijana aanzie mnadani
Kazi ya nyama haianzii kwenye kisu. Kijana aliyehitimu chuo cha mifugo cha LITA Mpwapwa apelekwe kwanza mnada wa mifugo wa Pugu, akajifunze kusoma umri wa ng'ombe kwenye meno na kukadiria uzito kwa jicho. Kisha anenepeshe ng'ombe: mashudu ya pamba, pumba, molasi, kwa miezi mitatu hivi. Hapo ndipo penye faida! Machinjioni nako aelewe kwa nini ng'ombe aliyehangaishwa njiani hutoa nyama nyeusi, inayoharibika upesi: sukari ya misuli imekwisha kabla hajachinjwa. Vijana wetu wengi wanayajua haya darasani tu. Wenye machinjio, wapokeeni kwa mkataba na posho, msiwaite kubeba mizoga usiku kucha halafu mkawaaga asubuhi.