Umeme unaoifungulia dawa mlango

Juma hili tunajibu swali lililotoka kwa watoto wetu wa mwaka wa sita. Tulikuwa katika somo la selula, mtoto mmoja akasema mbwa wa kwao ana uvimbe kwenye paja, na kaka yake anataka kuugusisha waya wa umeme ili ukauke. Eti amesikia Ulaya wanatibu mbwa hivyo. Darasa lilicheka. Sisi hatukucheka, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Huko Italia na Slovenia waganga wa wanyama wanatumia umeme juu ya kanseri za mbwa. Lakini umeme hauui kanseri. Dawa ndiyo inaua, umeme unaifungulia mlango tu.

Dawa yenyewe inaitwa bleomisini. Ni kali sana ikiwa ndani ya selula, lakini kuingia ndiyo shida: ngozi nyembamba ya selula inaizuia, na sehemu kubwa inatoka katika mkojo bila kufanya kazi. Katika miaka ya 1980, huko Villejuif karibu na Paris, Lluis Mir na wenzake walianza kutafuta njia. Mbwa analazwa usingizi, kwa sababu misuli inaruka kwa kila pigo. Anapigwa shindano ya dawa katika mshipa, wananguja dakika kama 8, kisha wanaweka vyuma viwili juu ya uvimbe na kupitisha mapigo 8 ya umeme. Kila pigo ni fupi kuliko kupepesa jicho: ukigawa sekunde moja mara elfu kumi, pigo ni kipande kimoja tu. Ngozi ya selula inafunguka vitundu visivyoonekana, dawa inaingia, vitundu vinajifunga. Wanahamisha vyuma pembeni, wanarudia mpaka uvimbe wote umepitiwa.

Umeme wa nyumbani hauna kipimo hicho. Unashika bila kuachia, unaunguza, unasimamisha moyo wa mbwa na wa anayeshika waya. Tulimwita kaka huyo shuleni tukamwambia hivyo mbele ya mama yake. Waya umerudi dukani kwa baba.

Mama huyo alibaki nyuma. Aliuliza kwa sauti ndogo kama matibabu hayo yanafanywa kwa watu pia. Ndiyo, tangu 1991 yalijaribiwa kwa wagonjwa huko Villejuif, na leo Ulaya wanayatumia kwa kanseri za ngozi, hata kanseri ya ziwa iliyokwisha kutokea juu ya ngozi ya kifua. Ndipo akasema ana kivimbe katika ziwa la kushoto tangu kabla ya Noeli, na anaogopa kisu.

Hatukumdanganya. Umeme huo unafanya kazi pale tu vyuma vinapofika, na uvimbe mdogo unasikia dawa kuliko mkubwa. Kanseri iliyoshuka katika mapafu haiguswi. Tena hauchukui nafasi ya kupasuliwa kwa kivimbe cha ziwa. Kwanza munganga achukue kipande kidogo kwa sindano, kipimwe, ijulikane ni kitu gani. Vivimbe vingi vya ziwa si kanseri, lakini mkono hauwezi kujua.

Jumanne tunakwenda naye hospitali, wawili wetu wa kikundi. Mwenye kutaka kutusindikiza, tukutane saa moja ya asubuhi kwenye mlango wa shule.