Anayeomba Kura na Akubali Kuulizwa

Jioni ya tarehe 24 Mei 1983, zikiwa zimesalia wiki mbili tu Waingereza wapige kura, mwanamke mmoja kutoka mji mdogo wa Cirencester alipewa nafasi ya kumwuliza Waziri Mkuu swali katika kipindi cha runinga cha BBC. Mwanamke huyo, Bi. Diana Gould, hakuwa mbunge wala mwandishi wa habari. Alikuwa mwalimu. Alitaka kujua ni kwa nini Bi. Margaret Thatcher alitoa amri ya kuzamishwa kwa manowari ya Argentina, General Belgrano, tarehe 2 Mei 1982, ilhali manowari hiyo ilikuwa nje ya eneo ambalo Uingereza yenyewe ilikuwa imelipiga marufuku, tena ikielekea mbali na visiwa vya Falklands. Watu 323 walikufa katika tukio hilo.

Waziri Mkuu alijibu kwamba meli haikuwa ikienda mbali na visiwa. Mwalimu hakutosheka. Alitaja upande ilikokuwa ikielekea, akarudia swali lake. Waziri Mkuu akasema meli ile ilikuwa hatari kwa majeshi ya Uingereza. Mwalimu akarudia tena. Hatimaye Bi. Thatcher akasema kwamba ukweli wote ungechapishwa baada ya miaka thelathini hivi. Kwa dakika chache hizo, watazamaji walimshuhudia mtu mwenye uwezo wa kutuma majeshi vitani akidaiwa hesabu na mtu asiye na mamlaka yoyote ila kura yake moja.

Tarehe 9 Juni kura zilipigwa, na chama cha Conservative cha Bi. Thatcher kikashinda kwa wingi wa viti 144.

Wapo basi watakaosema kwamba mwalimu yule alijisumbua bure. Ikiwa aliyebanwa kwa maswali ndiye aliyeshinda, mahojiano yana faida gani? Swali hili si la mzaha, na kila mpenda mageuzi hana budi kulikabili, kwa sababu limeendelea kujitokeza katika kila uchaguzi mkuu wa Uingereza tangu siku ile, na limeshajitokeza hapa kwetu pia.

Kwanza ifahamike kwamba haki hii ya kumhoji kiongozi mbele ya macho ya umma haikuwapo tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa mwaka 1951 Waingereza walionyeshwa Bw. Anthony Eden akihojiwa runingani, lakini mahojiano yale yalikuwa yameandaliwa na chama chake mwenyewe na kufanyiwa mazoezi kabla. Hadi katikati ya miaka ya 1950 palikuwa na kanuni iliyoikataza BBC kuzungumzia jambo lolote ambalo lingejadiliwa Bungeni katika siku kumi na nne zilizofuata. Mwananchi alitakiwa asubiri wakubwa wamalize kusema ndipo naye asikie. Kanuni hiyo ilipoondolewa, na vituo vingine vya runinga vilipoanza kushindana na BBC, hali ilibadilika haraka. Mwaka 1958 mwandishi Robin Day alimhoji Waziri Mkuu Harold Macmillan kwa maswali ya wazi, na wengi walishangaa kwamba kiongozi mkuu aweza kuulizwa hivyo na bado dunia ikaendelea kuzunguka. Tangu hapo mlango ulikuwa umefunguliwa. Baadaye walioingia kwa mlango huo hawakuwa waandishi pekee, bali wapiga kura wenyewe.

Na hapo ndipo ilipo faida ya kwanza. Mwandishi huuliza kwa ujuzi, lakini mwananchi huuliza kwa maumivu. Tarehe 2 Juni 2017, katika ukumbi mjini York, muuguzi mmoja alimwambia Waziri Mkuu Theresa May kwamba hati zake za mshahara za mwaka 2009 zilionyesha kiasi kile kile alichokuwa akipata siku ile. Hakuhitaji takwimu za wataalamu wala hotuba ndefu. Bi. May alimjibu kwamba serikali haina mti wa kichawi wa kuchuma pesa. Wauguzi nchini humo hawakuyasahau maneno hayo. Bi. May alipopoteza wingi wake Bungeni kwa kura za tarehe 8 Juni, alilazimika kutafuta msaada wa chama kidogo cha Ireland ya Kaskazini, na mkataba wao ukaja na ahadi ya pauni bilioni 1 kwa eneo hilo. Wapinzani wake hawakukawia kuuliza: mti ule umeota lini? Swali la muuguzi lilikuwa limemwekea Waziri Mkuu kipimo, na kila alichofanya baadaye kilipimwa nacho.

Hatusemi kwamba swali hilo ndilo lililompunguzia viti. Uchaguzi huamuliwa na mambo mengi, na mtu mwenye chama chake moyoni aghalabu hutoka katika kipindi kama hicho akiwa na imani ile ile aliyoingia nayo. Tunasema tu kwamba jibu lililotolewa hadharani ni amana. Kiongozi hawezi kulirudisha mfukoni. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na runinga imeupa usemi huo nguvu mpya.

Lakini lazima tuseme ukweli wote. Wapiga kura nao wana udhaifu wao, na mahojiano ya runinga huufichua. Tarehe 30 Aprili 2015, mjini Leeds, viongozi watatu walifika mmoja baada ya mwingine mbele ya watazamaji wale wale, kila mmoja kwa nusu saa. Bw. Ed Miliband wa chama cha Labour aliulizwa kama serikali iliyopita ya chama chake ilitumia pesa kupita kiasi. Alijibu kwamba haikufanya hivyo, na minong'ono ya kutoridhika ikasikika ukumbini. Hilo lilikuwa suala zito, lililostahili kuchambuliwa kwa siku nyingi: je, nakisi ya Uingereza ilitokana na matumizi ya serikali au na msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008? Lakini Bw. Miliband alijikwaa kidogo alipokuwa akishuka jukwaani, na picha ya mguu ule ulioteleza ikaenea kuliko hoja zote zilizotolewa usiku ule. Taifa lililoalikwa kupima bajeti likaishia kupima hatua za mtu.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2010, Waingereza walitazama kwa mara ya kwanza mijadala ya runinga ya viongozi wa vyama vikuu vitatu. Baada ya mjadala wa kwanza wa tarehe 15 Aprili, Bw. Nick Clegg wa chama cha Liberal Democrats alisifiwa kila pembe kwa sababu alitazama kamera vizuri na kuwaita waulizaji kwa majina yao. Kura za maoni zilimpandisha juu ghafla. Kura halisi za tarehe 6 Mei zilikipa chama chake viti 57, vichache kuliko vile 62 vya mwaka 2005. Tena katika uchaguzi huo huo wagombea wake walikuwa wametia saini ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya karo za vyuo vikuu. Walipoingia serikalini, karo ilipandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Waliopendezwa na sura wakajikuta wamesahau kuidai saini. Mwaka 2015 chama hicho kilibaki na viti 8.

Mwaka 2024 tukaona jambo jingine. Waziri Mkuu Rishi Sunak aliondoka mapema Normandy tarehe 6 Juni, katika kumbukumbu ya miaka 80 tangu majeshi ya washirika kutua huko, na ikajulikana kwamba alirejea nyumbani akarekodi mahojiano ya runinga. Kesho yake aliomba radhi. Mahojiano yenyewe yalipotangazwa, alisikika akisema kwamba utotoni alikosa baadhi ya mambo, mojawapo likiwa runinga ya kulipia. Kicheko kilikuwa kikubwa, na wengi waliona uchungu nyuma ya kicheko hicho: mtu aliyewaacha maveterani wazee ili apate kuhojiwa, kisha katika kuhojiwa akashindwa kuifahamu dhiki ya wanaohesabu senti za chakula. Katika wiki hiyo hiyo, mjini Grimsby, mpiga kura mmoja alimwambia Bw. Keir Starmer, ambaye chama chake cha Labour kilikuwa kikielekea ushindi, kwamba aonekana kama roboti wa siasa. Chama cha Bw. Sunak kilibaki na viti 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yake. Hata hivyo, takriban watu wanne katika kila kumi walioandikishwa hawakupiga kura kabisa. Wengi walikuwa wamesikia majibu na kuona hakuna linalowahusu.

Tufike sasa kwenye jambo linalotutia hofu zaidi, nalo ni kiongozi anayekwepa. Tarehe 26 Novemba 2019 mwandishi Andrew Neil wa BBC alimhoji Bw. Jeremy Corbyn wa chama cha Labour, na mara kadhaa akamtaka aombe radhi kwa jamii ya Wayahudi kuhusu chuki dhidi yao iliyodaiwa kuwamo chamani. Bw. Corbyn hakuomba radhi katika mahojiano hayo, naye akaumia kisiasa. Viongozi wengine nao walikalia kiti hicho. Bw. Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu, hakukikalia. Tarehe 5 Desemba Bw. Neil alitazama kamera na kuwaeleza wananchi maswali ambayo angemwuliza, mengi yakiwa juu ya kuaminika kwake. Siku chache kabla, katika mjadala wa kituo kingine kuhusu hali ya hewa, mahali pa Bw. Johnson paliwekwa sanamu ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka taratibu. Chama chake kililalamika kwa mamlaka ya utangazaji, nayo ikalitupilia mbali lalamiko hilo.

Tarehe 12 Desemba Bw. Johnson alishinda kwa wingi wa viti 80.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye hatari. Sheria za Uingereza huvitaka vituo vya runinga viwe na usawa, na huzuia matangazo ya kisiasa ya kulipiwa runingani, ili mwenye fedha asinunue masikio ya taifa. Lakini hakuna sheria inayomlazimu kiongozi aje ajibu. Yote yategemea aibu. Na ikiwa aliyekuja anaadhibiwa kwa kujikwaa, huku aliyekwepa akituzwa viti, basi viongozi watajifunza upesi kwamba ukimya una faida kuliko ukweli. Wa kulaumiwa hapo ni sisi tunaopiga kura, kwa maana sisi ndio tunaotoa tuzo.

Nchini mwetu somo hili si geni. Wanaokumbuka uchaguzi wa mwaka 1992 wanakumbuka pia jinsi redio na runinga ya serikali zilivyokuwa uwanja wa mtu mmoja. Ilituchukua hadi tarehe 11 Februari 2013 kuwaona wagombea wa urais, wote wanane, wakisimama pamoja na kuulizwa maswali. Lilikuwa tukio la fahari. Lakini mwaka 2017 Bw. Raila Odinga alijibu maswali peke yake jukwaani, kwa kuwa Rais Uhuru Kenyatta hakufika. Na mwaka 2022 Bw. William Ruto naye akasimama peke yake, kwa kuwa mara hii Bw. Odinga ndiye aliyekosa. Aliyetetea haki ya kuuliza mwaka mmoja aliikwepa mwaka mwingine. Kwa hiyo haki hii haiwezi kuachwa mikononi mwa wagombea, hata wale tunaowapenda.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuusikilize mjadala kwa kalamu mkononi. Tuandike kilichoahidiwa, tuache jinsi kilivyosemwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na sauti nzuri haijawahi kujaza ghala. Pili, tusingoje runinga. Huko Uingereza makanisa mengi hufungua kumbi zao wakati wa uchaguzi, yakawaalika wagombea wote wa eneo waje wajibu maswali ya wakazi bila upendeleo. Jambo hili halihitaji kamera wala fedha nyingi. Lahitaji viti, mwenyekiti asiyeegemea upande, na ujasiri wa anayenyanyua mkono. Tatu, kiti kikikaa kitupu, tukihesabu kuwa ni jibu. Mgombea asiyetaka kuulizwa kabla ya kupewa mamlaka hataulizika akishayapata.

Turudi kwa yule mwalimu. Bi. Gould aliaga dunia mwaka 2011. Hakumwangusha Waziri Mkuu, na hakudai kwamba angeweza. Lakini hadi leo, kila mazungumzo kuhusu meli ile yanapoanza, swali lake hutajwa, na anayetaka kuitetea amri ile hana budi kumjibu yeye kwanza. Serikali ile ilishapita. Viti 144 vilishapita. Swali limebaki.

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Ni kazi ya mwananchi. Wao waombao kura na wajiandae kujibu, na sisi tulio na kura tujiandae kuuliza.