Droni Zinafika Mbali, Kanisa Lisogee Karibu



Mwezi wa Desemba 2013, MONUSCO ilirusha droni zake za kwanza kutoka Goma. Hazikuwa na silaha. Kazi yao ilikuwa kutazama. Leo, sisi wa mashariki tukisikia mlio angani tunaulizana: imebeba nini, na inaweza kufika wapi?

Swali la pili ni swali la uzito. Droni kubwa za kivita hutumia injini ya mafuta. Zile ndogo zinazouzwa madukani huishi kwa batri. Batri laini za polima hutoa nguvu nyingi kwa ghafula, lakini huisha upesi. Zile za vipande vya mviringo, kama vya tochi, huweka umeme mwingi zaidi kwa kila kilo, lakini huutoa polepole. Wengine huunga batri ya pili. Chukua droni ya kilo moja na nusu, ambayo nusu kilo yake ni batri, na inaruka dakika 20. Ukiiongezea batri nyingine kama hiyo, haifiki dakika 40. Inafika kama 26 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme mpya inaliwa na uzito mpya.

Lakini kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, dakika hizo 6 ni kilomita 4. Kilomita 4 ni kijiji kingine, soko lingine, kanisa lingine. Ndiyo maana walio mbali na mapigano hawalali tena kwa amani.

Tena, ndani ya batri nyingi kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo yetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Kinachopita juu ya vichwa vyetu huenda kilitoka chini ya miguu ya ndugu zetu wa Kolwezi.

Hatusemi batri ni mbaya. Katika jimbo la Equateur, droni za umeme zimepeleka chanjo kwenye vijiji ambavyo mtumbwi huvifikia kwa shida. Tofauti iko kwa anayeituma. Mmoja anataka kupiga bila kuona uso wa mtu. Mwingine anataka kumfikia mgonjwa. Yule Msamaria wa Injili alisogea karibu na aliyejeruhiwa, na hapo ndipo ujirani ulipoanza.

Basi tunawaomba mambo matatu. Vijana wa kamera wasirushe droni kwenye arusi wala matanga bila ruhusa ya wakubwa, maana toka chini hakuna anayejua ni ya nani. Wazazi wawakataze watoto kuokota droni iliyoanguka au batri yake: inaweza kulipuka, na batri iliyopasuka huwaka moto mkali. Na kila paroasi iwatembelee waliokimbia makwao, kwa miguu, uso kwa uso.

Amani ya Kristo ikae nanyi.