Oili nzito haiponyi giaboksi

Kuna imani iliyoota mizizi katika gereji nyingi za Eldoret, kwamba oili ya gia kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyolinda zaidi. Giaboksi ikianza kulia, hutiwa namba 140 badala ya 90, nayo hunyamaza kwa muda. Gia ya pili ikikataa kuingia alfajiri, lawama huangukia klachi. Mimi nashikilia kinyume chake. Katika mji uliokaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, magari mengi madogo ya manuali yanastahili oili nyepesi ya sintetiki, ile iliyoandikwa 75W-90, na gharama yake ya ziada ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ila neno "sintetiki" lisimpumbaze mtu. Kwenye chupa hiyo hiyo kuna herufi mbili, GL, na tarakimu inayozifuata, na hizo ndizo za kusomwa kwanza.

Tuanzie ndani ya giaboksi kwenyewe. Dereva anapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, sehemu mbili zinazozunguka kwa kasi tofauti hulazimika kulinganisha mwendo kabla meno yake hayajashikana. Kazi hiyo hufanywa na sinkronaiza, pete nyembamba ambayo katika magari mengi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na metali nyingine. Pete husukumwa juu ya koni ya chuma, huipangusa oili iliyo katikati kwa mifereji midogo iliyochongwa ndani yake, kisha huikamata koni hadi mwendo ulingane. Yote hayo huisha kufumba na kufumbua. Oili ikiwa nzito kama asali ya asubuhi, pete haiwahi kuipangusa; huteleza, meno hugongana, na mkwaruzo husikika hadi kiti cha nyuma. Mkwaruzo huo si kelele tu. Kila unapotokea, ncha za meno hulika na pete hupungua, na pete iliyokwisha haibadilishwi bila kushusha giaboksi nzima.

Sasa tuangalie hali ya hewa. Eldoret, ambayo wengine bado huiita Sisibo, huamka mara nyingi ikiwa na nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na miezi ya Juni na Julai huwa baridi zaidi. Chukua oili ya kawaida ya 80W-90 na ya sintetiki ya 75W-90. Giaboksi ikipata joto la nyuzi 100, mnato wa oili hizo mbili hukaribiana, takriban sentistoki 15. Kwenye nyuzi 40, ya kawaida huwa karibu 140 na ya sintetiki hukaribia 100. Joto likizidi kushuka pengo hilo hupanuka, na katika pengo hilo ndipo gari linapoanza safari saa kumi na mbili asubuhi. Inafaa kukumbuka pia kwamba namba za oili ya gia hazisomwi kwa kipimo cha oili ya injini. Ile 90 ya gia, iliyo moto, inakaribiana kwa mnato na 40 au 50 ya injini. Kwa hiyo anayeogopa 75W kwa kudhani ni nyepesi kama maji, au anayeona 90 ni nzito kupita kiasi, analinganisha mizani mbili zisizohusiana.

Baridi ya asubuhi ni nusu tu ya habari. Gari hilo hilo mchana huweza kupita Iten na kushuka kona za Tambach hadi Bonde la Kerio, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, kisha kurudi juu likiwa limejaa maembe. Dereva makini hateremki kwa breki peke yake. Hushika gia ya pili na kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Mzigo wote huo hupita kwenye meno ya gia, tena kwa upande wa jino ambao kwenye tambarare haupati kazi kubwa, na oili hupata moto. Oili ya kawaida iliyofanywa nzito ili ivumilie joto la Kerio ndiyo itakayogoma alfajiri mjini. Ya sintetiki, kwa kuwa molekuli zake zimeundwa kwa mpangilio unaofanana, haibadiliki sana kati ya hali hizo mbili. Kwa mkazi wa pwani tofauti hii ni ndogo. Kwa gari linaloshinda kati ya nyanda za juu na bondeni, ndiyo inayoamua.

Hapa ndipo herufi zile mbili zinapoingia. Oili za daraja la GL-5 zilitengenezwa kwa ajili ya difu, ambako meno husuguana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkali. Huwekewa viongezeo vingi vya salfa na fosforasi, karibu mara mbili ya vile vya GL-4, daraja lililo chini yake, vinavyojenga utando juu ya chuma ili meno yasichunane. Ndani ya giaboksi yenye pete za shaba, viongezeo hivyo huweza kuila shaba yenyewe, na utelezi wake huinyima pete uwezo wa kukamata. Watengenezaji wa oili hujibu kwamba GL-5 za siku hizi haziili shaba kama zile za zamani, na kwa nyingi hilo ni kweli. Lakini jibu hilo linagusa kuliwa kwa shaba tu, halisemi lolote juu ya utelezi. Wakati huo huo GL-5 si adui. Katika Subaru nyingi za manuali, difu ya mbele imo ndani ya giaboksi na zote mbili huoga oili moja, hivyo GL-5 ndiyo inayotakiwa. Kuna watengenezaji wanaokubali daraja lolote kati ya hayo mawili, na wengine, kama Honda, wana oili yao maalumu. Kitabu cha gari kina neno la mwisho, hata fundi awe na miaka thelathini kazini.

Pingamizi la kwanza huwa ni bei, nalo ni la haki, maana oili ya sintetiki huweza kugharimu mara mbili au tatu ya ile ya kawaida. Tupige hesabu. Giaboksi ya gari dogo huchukua lita 2 hivi, na tuseme inabadilishwa kila kilomita 60,000. Katika umbali huo injini inayobadilishiwa lita 4 kila kilomita 5,000 itakuwa imemeza lita 48. Mwenye gari anayelipia lita 48 bila kunung'unika hana sababu ya kubana lita 2, hasa akilinganisha na gharama ya kufungua giaboksi.

Wengine husema matatu na malori yamepanda Timboroa miaka nenda miaka rudi kwa oili ya kawaida. Ni kweli, na yapo yaliyoundwa kwa oili hiyo. Gari ambalo kitabu chake kinataka 80W-90 ya GL-4 na likabadilishiwa kwa wakati haliko hatarini. Oili ya kawaida ya daraja linalofaa ni bora kuliko sintetiki ya daraja lisilofaa. Ninachokataa ni ile namba 140 ya kunyamazisha mlio. Mlio wa giaboksi mara nyingi ni beringi iliyokwisha, na oili nzito huuziba huku beringi ikiendelea kusagika. Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika atafanya vema kulijaribu likiwa baridi kabisa, kwani hapo oili nzito hujifichua kwa gia kukataa kuingia.

Chupa nayo inahitaji jicho kali. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 nchini Marekani katika mvutano wa Mobil na Castrol, oili iliyosafishwa sana kutoka mafuta ghafi huuzwa pia kwa jina la sintetiki, kwa hiyo neno hilo halielezi kilichomo. Zipo pia bidhaa ghushi, na ndiyo maana alama ya shirika la viwango, KEBS, na kifuniko kisichoguswa ni vya kukaguliwa dukani. Gerejini nako, tundu la kujazia lifunguliwe kabla ya lile la kumwagia, kwa sababu likigoma baada ya oili kumwagika, gari halitoki hapo. Oili ya zamani iangaliwe ndani ya beseni. Unga laini wa chuma ni wa kawaida, vipande si vya kawaida. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, jambo linaloweza kulipata gari lililovuka madimbwi ya barabara za udongo za Moiben wakati wa masika, na hapo kinachotakiwa ni sili mpya na bomba la kupumulia lililo zima kabla ya kufungua chupa yoyote.